Mabuti Mia Nne, Mazima

Jumatatu, tarehe 6
Kozi imeanza. Usimamizi wa rasilimali na kufanya maamuzi, kwa watu wa ulinzi. Siku tano! Kunifundisha mimi! Miaka thelathini na moja natunza stoo ya kambi, na uamuzi wangu ni mmoja tu, haujawahi kukosea: hapana. Kamanda katangaza kwamba nikishindwa kozi hii nitamkabidhi funguo Koplo wa kompyuta. Kabinti kale kanakoniita babu! Funguo zangu huzivaa shingoni, hata bafuni. Asubuhi mke wangu kaniambia nikafunge mdomo, nikafungue masikio. Nikamwambia ng'ombe hazeeki maini. Akasema maini sawa, kichwa je?

Wamegawa madaftari, moja kwa kila mtu. Nimechukua manne. Hili ni mojawapo. Akiba haiozi.

Jumanne, tarehe 7
Mkufunzi ni kapteni mwenye miwani. Katufundisha kubana matumizi saa mbili nzima, chini ya feni sita, watu kumi na wawili. Kisha kila mtunza stoo aandike alichonacho. Nikaandika kwa herufi kubwa kama nyumba: MABUTI MIA NNE, MAZIMA, HAYAJAVALIWA. Si uongo! Ni mia nne, na ni mazima. Kwamba yote ni ya mguu wa kushoto, hilo hakuuliza. Yaliletwa hivyo miaka kumi na moja iliyopita, nikaambiwa ya kulia yako njiani. Mimi si mtu wa kelele. Nilitia saini, nikafunga mlango, nangoja.

Koplo, naye yumo darasani, akauliza, sasa babu, mbona askari wetu wanatembea na mabuti yaliyotoboka? Nikamjibu ndiyo maana yangu hayajatoboka. Nilimweza.

Ila nimekasirika. Jirani yangu wa benchi ni mtunza stoo wa kambi ya ng'ambo ya mto. Namwita Kipara. Mzee ana majivuno, na mimi sipendi watu wenye majivuno. Nikachungulia karatasi yake: mabuti mia nne, mazima. Kaniibia! Kuanzia kesho naandika nimefunika kwa kiwiko.

Jumatano, tarehe 8
Leo mazoezi ya karatasi. Mto umefurika kwenye ramani, kijiji kimezingirwa, tuamue kwa nusu saa. Koplo kapewa ukamanda, mimi stoo. Akaomba mablanketi. Nikasema alete fomu, nakala tatu. Akaleta. Nikasema hazina muhuri. Akahangaika, akapata muhuri. Nikasema wino umefifia. Mkufunzi akapiga filimbi: kijiji kizima kimekufa. Nikasimama, nikamwomba aandike pia kwamba stoo yangu haikupoteza hata blanketi moja.

Wamecheka mpaka sajini wa jikoni chai ikamtokea puani. Kipara peke yake hakucheka. Kaninong'oneza kwamba yeye hata huo muhuri asingeupokea. Mwizi, lakini kazi anaijua.

Nimepewa alama mbili kwa kumi. Funguo zimeanza kuwa nzito.

Alhamisi, tarehe 9
Nimepata mbinu! Wanamtaka mtu wa kuamua upesi? Nitaamua kabla swali halijaisha.

Mchana Kamanda kaingia. Akasema mto umefurika, askari wa uokoaji wanaondoka kesho kutoa watu majumbani, nani ana mabuti ya... Nikaruka juu! Mimi, afande! Mia nne! Kesho asubuhi! Kipara alikuwa ameshainua makalio nusu. Kachelewa. Kamanda akanipiga bega, akaliambia darasa huo ndio uamuzi, na funguo zibaki hapohapo zilipo. Nikapiga kifua.

Halafu nikaona matope kwenye viatu vyake. Suruali imelowa mpaka magotini. Huu si mto wa karatasi.



Ijumaa, tarehe 10
Lori limekuja saa moja asubuhi. Nimefunga mabuti mawili mawili kwa kamba, nikayatia kwenye maboksi, gundi juu. Koplo akataka afungue boksi moja ahakikishe. Nikamkumbusha aliyesifiwa jana ni nani. Limeondoka. Nilijua kwenye mafuriko hakuna anayetazama miguu.

Wanatazama. Saa tano sajini wao kaniita kwenye redio, kanitukana mimi, baba yangu na kitanda nilichozaliwa. Wamebeba vikongwe na watoto majini, peku. Wamewatoa wote salama, ila askari mmoja kakanyaga bati. Nyuzi kumi na nne. Nikauliza mguu gani. Wa kushoto! Nikamuuliza sajini, sasa la kushoto si alikuwa nalo, kwa nini hakulivaa?

Kakata redio. Vijana wa siku hizi hawataki kuulizwa.

Jumamosi, tarehe 11
Maboksi yamerudi, na matope juu. Koplo kakaa na kompyuta yake, kasoma orodha zetu zote upya, kainua simu. Dakika kumi! Mabuti ya kulia yapo. Mia nne. Kambi ya ng'ambo. Kwa Kipara! Kayafungia miaka kumi na moja, anangoja ya kushoto. Wiki nzima tumekaa benchi moja, kila mtu kafunika karatasi yake kwa kiwiko.

Kamanda katuita wote wawili. Akauliza, kwa upole ambao sikuupenda, mabuti haya yatakutanaje. Nikasema rahisi tu, Kipara alete yake kwangu, pamoja na fomu. Kipara akasema mimi nipeleke yangu kwake, pamoja na fomu. Tukavutana saa nzima. Sikulegea!

Kamanda hakufoka. Alinyoosha mkono. Funguo zangu, kisha za Kipara, zote kampa Koplo. Naye kazitumbukiza mfukoni kama njugu. Shingo yangu inasikia baridi.

Jumapili, tarehe 12
Koplo kayaunganisha mabuti uwanjani tangu asubuhi. Jozi mia tatu tisini na tisa. La kulia moja limebaki peke yake. Wamepekua lori, maboksi, hata jikoni. Alasiri kaja mpaka nyumbani kwangu, babu shikamoo, kwa adabu zote. Kasema jozi hiyo ya mwisho ni ya yule askari wa nyuzi kumi na nne. Nikamwambia pole sana mwanangu, stoo si yangu tena.

Liko chini ya kitanda, ndani ya gazeti, pamoja na madaftari matatu. Zima, halijavaliwa. Iko siku watalihitaji la kushoto, watakuja hapa kwa magoti!

Mke wangu kainama, kachungulia, kauliza kama anaweza kusogeza sanduku lake la nguo huko chini. Nikamwambia alete fomu. Nakala tatu.