Kosa la Kupeleka Kwenye Usaili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua imefika! Ile kampuni kubwa ya jengo la vioo, yenye geti linalofunguka kwa kadi, imeniita kwenye usaili. Nafasi za wasimamizi wa ghala. Jumatano ya wiki ijayo. Kwanza zoezi la kikundi, watu sita meza moja, halafu kila mtu anaingia peke yake kuulizwa mambo ya tabia. Wameambatisha maswali ya mfano. Tueleze wakati ulipoongoza wenzako. Tueleze wakati ulipomsaidia mtu. Tueleze kosa ulilowahi kufanya na ulichojifunza.

Hilo la tatu limenitoa kijasho chembamba. Nimekaa kitandani saa nzima natafuta kosa. Kazi ya kwanza niliachishwa kwa chuki. Ya pili nilimfungia bosi stoo, lakini naye hakugonga mlango kwa nguvu ya kutosha. Kosa sina.

Nyumba kimya. Wiki ya tatu hii tangu mke wangu amchukue binti yetu waende kwa dada yake. Kisa cherehani. Yeye ni fundi cherehani. Mimi niliuza cherehani yake nikanunua suti ya usaili. Aliporudi akaitazama ile suti, akaishika ukosi, akasema kwa sauti ndogo kwamba angenishonea.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Lakini kutofikiria si kosa.

Mlangoni aliniachia maneno machache. Kwamba hangoji nipate kazi, anangoja nimwambie nimekosa, basi. Hasira tu hizo. Nikipata kazi atarudi mbio.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejaribu suti. Mabega sawa. Mikono ya koti imezidi vidole vinne! Fundi wa mtaa wa nyuma anajua habari ya cherehani, na nikipita anakohoa makusudi. Siendi kwake ng'o. Nimeikunja mikono kwa ndani na kuibana kwa pini za stepla. Kwa mbali huoni kitu.

Habari mbaya. Jirani yangu wa mlango wa pili ameitwa pia. Namwita Daftari, kwa sababu kila kitu anaandika, mpaka saa maji yanapokatika. Naye kanipa habari mbaya zaidi: yule mjane wa ghorofani, Mama Pacha, aliyekuwa kiranja wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, naye ameitwa. Jengo moja, watu watatu! Nafasi zenyewe hatujui ni ngapi.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Mpango ninao.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeanzisha kikundi cha mazoezi chumbani kwangu. Nimewaambia nilishafanya usaili mara tisa (kweli tupu) na kwamba uzoefu wote nitawagawia. Mama Pacha alinishukuru hadi nikaona aibu kidogo. Daftari akafungua ukurasa mpya.

Nikawalisha sumu kijiko kwa kijiko. Nikawaambia kampuni kubwa hazipendi msemaji. Kwenye kikundi usikimbilie kalamu. Mtafute aliyenyamaza umuulize yeye anaonaje. Kabla hujaleta wazo lako, lirudie kwanza la mwenzako, na ulisifu. Mtu akikwama, msaidie. Kwa kifupi, jifanyeni samani.

Daftari aliuliza kama "samani" aiandike. Nikamwambia aandike.

Mimi, bila shaka, siku hiyo nitachukua kalamu na sitaiachia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo zoezi la maswali ya tabia. Nilimwambia Mama Pacha aanze, nipate kumrekebisha. Akasimulia siku tanuri lilipofuka moshi pale kiwandani. Alivyowatoa wafanyakazi nje, akawaita majina mara mbili, akakuta ni kumi na watatu badala ya kumi na wanne. Alivyojifunga kanga mbichi usoni akarudi ndani, akamkuta binti mmoja mgeni kazini amejikunyata kwenye stoo ya unga. Akamaliza akiangalia mikono yake. Daftari aliacha kuandika.

Nikamwambia kisa ni kirefu, hakifai, asikitumie.

Kisa ni kizuri mno! Nimekichukua. Tanuri nimeliondoa, nimeweka ghala la matairi. Mengine yote kama yalivyo.

Bado kosa. Daftari alisimulia lake bila kusitasita: aliwahi kumsingizia mwenzake hesabu ya stoo ilipopungua, akaenda kumwomba radhi mbele ya wote. Nikamwonea huruma. Mtu anatangazaje jambo kama hilo?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepiga simu kwa shemeji. Binti yangu akaidaka. Jino la pili la mbele limeng'oka, na sasa mama yake mkubwa na binamu wote wanamwita Kibogoyo. Akauliza kama suti yangu ni nzuri. Nikasema nzuri sana. Akasema mama alisema mikono yake itakuwa mirefu, alijua kwa kuiangalia tu.

Nilimkumbuka mke wangu na futi yake shingoni, anapima kwa macho kabla hajapima kwa futi. Nilitaka kuomba nizungumze naye. Nikaona bora kwanza niwe na habari njema mkononi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya siku! Mambo yamekwenda mrama na naandika tu ili ijulikane si mimi niliyeharibu.

Chumba cheupe, ubao mweupe, akina mama wawili wenye makaratasi wamekaa ukutani. Zoezi: maduka matatu yanangoja bidhaa, lori ni moja, mvua inakuja, liende wapi kwanza? Dakika ishirini. Kabla mtu hajakaa vizuri kalamu nilikuwa nayo. Nilizungumza dakika kumi na nne mfululizo. Nilijaza ubao wote. Nikainua mkono kuonyesha duka la tatu, na pini za stepla zikaachia. Mkono wa koti ukashuka hadi kwenye kucha, ukafuta duka la kwanza na la pili.

Mtu mmoja alicheka puani. Mama Pacha akanyanyuka, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akanikunjia mkono wa koti, akaubana vizuri. Halafu akageuka, akarudia wazo langu la duka la tatu vizuri kuliko nilivyolisema mimi, akalisifu. Daftari akamuuliza msichana aliyekuwa kimya pembeni yeye anaonaje. Kumbe yule alishafanya kazi kwenye malori! Alimaliza swali zima kwa dakika mbili. Akina mama wa ukutani wakaandika, wakaandika, wakaandika.

Nikaelewa nimefanyiwa nini. Yote waliyoyafanya ni yangu!

Kisha chumba cha maswali, mbele ya akina mama walewale, nikiwa wa tatu. Nikaeleza moshi ulivyofuka kwenye ghala la matairi, nilivyoita majina mara mbili. Wakauliza yule wa kumi na nne nilimkuta wapi. Nikasema kwenye stoo ya unga. Wakatazamana. Mama mwenye miwani akasema ni ajabu, asubuhi hii wameshasikia habari za stoo ya unga. Nikasema unga uko kila mahali.

Wakaja kwenye kosa. Nikajibu kwamba kosa langu ni kufanya kazi kupita kiasi. Mama mwenye miwani akaniomba lingine, la kweli, na akaongeza kwa upole kwamba hakuna haraka.

Hapo niliiona meza yetu ya dirishani, na zile alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu. Neno lilifika hadi kwenye meno. Mama yule akainamisha kichwa kunisikiliza. Nikasema kosa langu ni kudhani mke wangu anaelewa mambo ya uwekezaji.

Akauliza nilijifunza nini. Nikasema nilijifunza kutomwambia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mama Pacha amepata. Daftari amepata. Na yule msichana wa malori. Mimi nimepata ujumbe wa mistari mitatu: wananishukuru, naweza kuomba tena baada ya miezi sita, na wananishauri nilifikirie vizuri swali la mwisho.

Mama Pacha alishuka kunishukuru, akalia, akaniita mwalimu wake. Daftari akanionyesha ule ukurasa, ameupigia mistari kwa wino mwekundu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Walipotoka nikajilaza na suti.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mke wangu amepiga mwenyewe. Alikuwa ameshasikia. Hakunicheka. Akauliza tu kama nina jambo la kumwambia. Nikamweleza jinsi kampuni ilivyonionea, jinsi majirani walivyonigeuka, jinsi stepla za siku hizi zilivyo dhaifu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema haya. Dada yake amempatia cherehani ya kukodi, wateja wameanza kuja, na Kibogoyo anaanza shule ya kule kesho. Akaniambia nijitunze. Akakata simu polepole, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke.

Cherehani! Habari njema hatimaye. Lakini mbona nimekaa sakafuni penye zile alama nne na sitaki kuinuka?

Baadaye nimeufuata ushauri wa kampuni. Nimeisoma shajara hii yote tangu mwanzo, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa la kupeleka miezi sita ijayo. Nimelipata! Jumanne ya kwanza niliandika mikono ya koti imezidi vidole vinne. Nimepima upya. Ni vitano.

Kesho namtumia mke wangu koti alipunguze, maadamu cherehani anayo. Nimeshalikunja na kulitia kwenye mfuko. Juu yake nimebandika kikaratasi chenye kipimo sahihi, na pini ya Mama Pacha.