Ombi la Kujengewa Uzio wa Wakwe katika Mashindano ya Motokaa

Ghala la Mbata,
Changamwe, Mombasa.
Septemba 1948

Kwa Bwana Katibu,
Chama cha Mashindano ya Motokaa Makuukuu,
Uwanja wa Mikindani.

Bwana Katibu,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu unipe samahani, kwa kuwa barua hii ni ya malalamiko na mimi si mtu wa kulalamika. Muulize yeyote hapa ghalani. Mwaka jana gunia la mbata liliniangukia mguuni, nikalisogeza kando nikaendelea kuandika. Lakini jambo hili limenishinda, na mwenye uwanja ni wewe.

Naitwa Gershom Mramba, karani, Mkristo, na shabiki wa motokaa nambari nane, ile iliyokuwa ya kijani zamani, ambayo sisi tunaosimama kwenye kamba tunaiita Sufuria kwa kelele za kifuniko chake cha mbele. Dereva wake ni yule fundi Kalasinga mwenye kilemba cha manjano. Tangu chama chako kilipoanza kuokota motokaa zilizotupwa na jeshi baada ya vita, kuzipaka rangi na kuzishindanisha huku zikigongana kwa makusudi, sijakosa Jumamosi hata moja. Niliugua homa, nikaja. Nilifiwa na ami yangu, nikaja na nguo zangu za msiba, nikasimama nyuma kwa adabu mpaka mzunguko wa tatu. Nasema haya ili ujue kwamba sikuandikii kama adui.

Mimi pia ni mchumba wa Jumwa, binti wa Mzee Lewa wa hapo hapo Mikindani. Posa imepokelewa, imebaki kutajwa siku ya harusi tu. Mamake Jumwa ni Bi Kafedha, mtu wa kuheshimiwa kanisani, mrefu, mpana, na mikono yake ni ya kutwanga. Na hapa, Bwana Katibu, kama hukuzaliwa kwetu, sharti nikueleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huoneana haya. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawaitani kwa majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akatazama miti mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima, nami naipenda, na ningeishika mpaka kufa kama si mashindano yako.

Malalamiko yenyewe nayapanga kwa nambari ili tusipotezane.

1. Kukumbatiwa. Utaikumbuka Jumamosi ile ya Pweza, motokaa ya buluu ya yule bwana mwenye masharubu. Ilikuwa mzunguko wa mwisho, Pweza mbele, Sufuria nyuma yake. Mara gurudumu la Pweza likachomoka. Likampita dereva wake mwenyewe, likavuka mstari wa mwisho peke yake, likapita chini ya kamba, likapiga sinia ya Agneta muuza mahamri, likashika njia ya Nairobi. Mpaka leo wako watu wanaodai kwamba gurudumu ndilo lililoshinda na lipewe kikombe. Pweza ikaketi chini kama kuku anayeatamia, na Sufuria ikapita. Nikaruka. Kila mtu aliruka. Aliyekuwa kushoto kwangu akanikumbatia, nami nikamkumbatia, tukazunguka tukipiga kelele, na kwa muda mzuri viatu vyangu havikugusa ardhi. Nilipofumbua macho nikaona aliyenibeba ni Bi Kafedha.

Tulitazamana. Akanitua polepole, kwa uangalifu, kama mtungi wa maji. Akatazama mnazi wa kushoto, nami nikatazama wa kulia. Mikindani nzima ilikuwa imeona.

2. Kula pamoja. Jumamosi iliyofuata nikaona afadhali nimwachie mama wa watu nafasi yake. Nikaenda kona ya mbali, kule kwenye mapipa. Kumbe naye, kwa heshima ile ile, alikuwa ameniachia yangu, akaenda kona ya mbali kwenye mapipa. Tulipoonana kila mmoja akageuka mbio, nikapita nyuma ya jukwaa la mabwana, naye akapita nyuma ya jukwaa la mabwana. Tulishinda siku ile tukikimbiana na kukutana, na sikuona mzunguko hata mmoja.

Baadaye ikaja Jumamosi ya mvua. Motokaa zilitumwagia matope mpaka watu wote wakawa rangi moja. Jirani yangu siku hiyo alikuwa mtu aliyejifunika gunia kichwani, sauti imemkauka kwa kushangilia, na sikujua hata kama ni mume au mke. Wallahi nilimpenda mtu yule, ingawa mimi ni Mkristo na sipaswi kuapa. Alijua kila kitu: kwamba Sufuria huchelewa kushika moto, kwamba Pweza huogopa kona ya pili, kwamba mwamuzi wa bendera anaona kwa jicho moja. Nikamwita ndugu yangu. Nikampiga bega. Tulinunua mahamri na mbaazi tukala katika karatasi moja, tukagombania hamri la mwisho, nikalipata mimi. Ndipo mvua ilipozidi ikamwosha uso. Bwana Katibu, nilikuwa nimemnyang'anya mama mkwe wangu chakula mkononi, na bado nilikuwa natafuna.

3. Kuitwa kwa jina. Hili nalo ulilishuhudia, ila hukujua ni la nani. Bi Kafedha alikuwa akipunga leso yake, upepo ukaichukua, ikaenda kujibandika kwenye kioo cha Sufuria. Kalasinga hakuona kitu mzunguko mzima. Wenzake walipotambua kwamba anayekuja nyuma yao haoni, wakampisha wote, hata Pweza ikaingia shambani kwa watu, na Sufuria ikashinda kwa upofu. Badala ya kufurahi, Bi Kafedha akapaza sauti: "Gershom! Gershom wee! Nifuatie leso yangu, mwanangu, hiyo ni ya kuendea kanisani!" Nami, badala ya kuingia majanini, nikaitika, "Labeka, mama!" nikaruka kamba. Nilikimbia nyuma ya Sufuria nusu uwanja, na Pweza, iliyokuwa imetoka shambani na mihogo ya watu, ikinikimbiza nyuma. Watu walinishangilia wakidhani ni shindano jingine. Leso niliipata. Ilikuwa na tundu moja la moshi, na Bi Kafedha huivaa hivyo hivyo.

4. Hukumu. Habari zikamfikia Mzee Nguma, kaka mkubwa wa Mzee Lewa, ambaye katika nyumba ile akisema amesema. Akasema heshima imevunjwa mbele za watu tena na tena. Ama mimi au Bi Kafedha, mmoja wetu aache motokaa kabisa kabla ya mwezi kwisha, la sivyo harusi hakuna. Akaongeza kwamba atakuja mwenyewe kuchunguza. Kweli amekuja, na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa palipo pazuri. Kila Jumamosi yupo. Anasema uchunguzi haujakamilika kwa kuwa bado hajaridhika na mambo ya kona ya pili.

Utaniuliza kwa nini nisiache tu. Jumwa pia aliniuliza: "Gershom, waoa mimi ama waoa Jumamosi?" Nilimjibu vizuri, lakini nilichelewa kidogo, na kile kidogo amekiweka moyoni. Nampenda Jumwa, Bwana Katibu. Nikamtuma awaambie wazee kwamba mimi naacha. Jioni ile ile Bi Kafedha akatuma neno kwamba hapana, yeye ndiye anayeacha, kijana abaki na furaha yake. Hilo nimelikataa, na sababu yake ni hii.

Mwanawe wa kwanza, Phineas, alikwenda na jeshi vitani Bama, ng'ambo, na hakurudi. Majirani wanasema tangu habari ile ifike, hakuna aliyemsikia mama yule akipaza sauti. Kanisani alikuwa akifungua mdomo na wimbo hautoki. Nyumba nzima ilijifunza kunong'ona. Sauti yake ilirudi uwanjani kwako, siku Sufuria ilipopanda juu ya pipa ikabaki huko ikizungusha magurudumu hewani. Jumwa alikuwa nyumbani akipepeta mchele, akaisikia kutoka kule, akatupa ungo akakimbia njiani akidhani kuna moto. Alipojua ni nini, alikaa chini pale pale njiani akalia kwa furaha. Siwezi kuwa mimi niliyeizima sauti ile. Lakini kumkosa Jumwa pia siwezi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, chama kijenge uzio wa makuti kuanzia langoni hadi kwenye mapipa, mama wakwe wakae mashariki na sisi tukae magharibi. Uwe wa juu sana, maana Bi Kafedha nimekwisha kueleza urefu wake. Langoni awekwe mtu mzima wa kuuliza ukoo wa kila anayeingia, na wachumba wakaguliwe zaidi, kwa kuwa sisi ndio tulio hatarini.

Ikiwa makuti ni taabu, basi ipigwe kengele kabla ya kila ajali ili wakwe wapate nafasi ya kuachana. Najua madereva wenyewe hawajui ajali itatokea wapi, ila nadhani wakielezwa kwamba ndoa ya mtu inategemea, watajitahidi kutoa taarifa mapema.

Na ikiwa kengele haiwezekani, mwambieni Kalasinga ashinde kwa mbali. Akishinda kwa mbali mtu hupiga makofi tu akabaki mahali pake. Ni ule ushindi wa pua kwa pua unaotukumbatisha.

Na ikiwa hata hilo gumu, chama kitoe amri yenye muhuri kwamba mmoja wetu aipende Pweza, ili yeye akifurahi mimi niwe nahuzunika, na hatutakumbatiana milele. Nimejaribu bila amri, imenishinda. Nilivaa kitambaa cha buluu juma zima. Nilisimama mbele ya kioo cha kunyolea nikasema, "Pweza oyee," sauti ikatoka kama ya mtu anayeungama. Jumamosi ilipofika Sufuria ikazimika mzunguko wa pili, nikajikuta nimekaa upande huu wa pipa nalia, na upande wa pili wa pipa lile lile namsikia Bi Kafedha naye analia.

Na kama yote yameshindikana, naomba tu umwandikie Mzee Nguma kwamba kwa sheria za mashindano, bendera ikipandishwa ukwe husimama, na bendera ikishuka ukwe huendelea kutoka pale ulipoachwa. Yeye ni mtu wa sheria. Akiona limeandikwa kwa mashine atalikubali.

Nisalimie fundi Kalasinga, umwambie kifuniko kinataka waya mpya, lakini asikikaze mno, kelele tunazipenda. Msalimie mwamuzi wa bendera na lile jicho lake. Msalimie bwana wa Pweza, umwambie hatuna chuki naye, na kwamba mihogo ile ilikuwa ya Mzee Mutua, ambaye angependa kumwona. Agneta pia anakusalimu, ingawa si kwa maneno haya. Na wote wa jukwaani, pamoja na mbwa wao, nawatakia afya.

Ni mimi ninayesubiri majibu yako kwa moyo wa kupwita,

Gershom Mramba

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii niliona ni haki niisome kwanza mbele ya wakwe, kwa kuwa wametajwa. Nimetoka huko sasa hivi. Mzee Lewa na Mzee Nguma walikaa nami sebuleni, Jumwa alisimama mlangoni, na Bi Kafedha alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama ipasavyo. Nilisoma mpaka mwisho. Mzee Nguma alitikisa kichwa kwa kukubali, hasa pale penye uzio. Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti, wala haikunisemesha mimi, maana hatusemeshani, ilisemesha dari: "Huo uzio ni mzuri, una heshima zake. Lakini Sufuria ikishinda, mimi n'tamshika nani?"

Mzee Lewa alitazama mikono yake. Jumwa alitoka nje haraka, na mimi karatasi zilinianguka. Mzee Nguma akakohoa, akavaa kofia yake, akasema harusi ni mwezi wa Desemba, siku ya Alhamisi, kwa kuwa Jumamosi watu wana shughuli.

Basi, Bwana Katibu, usijenge chochote.