Tairi za Bibi Orpha

Clifford Haske alikuwa bado anatafuna pale mkahawani alipomwona Bibi Orpha Dykstra akishusha kutoka kwenye pikapu yake baiskeli kuukuu ya chuma, yenye tairi za zamani. Moyo ukamruka kwa furaha. Riziki hiyo, imejileta yenyewe.

Ilikuwa wiki ya mashindano ya baiskeli za njia za changarawe, na Clifford aliuza tairi zisizo na tyubu: ndani zina maji ya kuziba matundu, na duara la sifongo la kukinga rimu na mawe ya gumegume ya Kansas. Kitu cha maana kabisa, ila sifongo lake alilikata kwenye maboya ya watoto ya kuogelea, akawaapia wateja kuwa limetengenezwa na mafundi wa ndege. Baiskeli yake mwenyewe tu ndiyo ilikuwa na sifongo halali, tena ya bei. Hiyo aliipitisha juu ya misumari mbele ya watu, na hiyo ndiyo iliyomlisha.

"Bibi, na tyubu hizo hufiki hata makaburini bila pancha."

"Mbona huwa nafika, mwanangu."

"Basi tuwekeane dau: nenda makaburini urudi. Tairi zikiisha upepo, pikapu yako yangu. Zisipoisha, chukua baiskeli yangu."

Bibi akasita, akamwuliza mara mbili kama anasema kweli mbele ya watu wote wale. Clifford akaapa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiachia bahati kazi zote, akatangulia kwenda kukagua njia, akamwaga kopo zima la miiba ya mbigili mbele ya lango la makaburi.

Bibi akaenda, akarudi. Mbigili zilijaa tairini kama ufuta juu ya mkate, lakini tairi ngumu vilevile. Clifford akazibonyeza, akazibonyeza tena, jasho likamtoka. Akadai kuna hila. Bibi akabandua ukingo wa tairi kwa kijiko: ndani kamba ya katani, imeshindiliwa pomoni.

"Huu wizi. Tyubu iko wapi?"

"Tyubu ulizisema wewe. Na upepo usiokuwemo utaishaje?"

Watu walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Clifford, mnyonge, akamwuliza Twyla, mhudumu, bibi mzee kama yule anawezaje kuendesha baiskeli yenye tairi za kamba mwaka mzima bila kuvunjika mgongo.

"Nani, Orpha? Kamba huzitia wiki ya mashindano tu," Twyla alisema, akimwongezea kahawa. "Ana wajukuu wanne. Watatu walishapata baiskeli."

Nje, Bibi Orpha alikuwa akishusha kiti cha baiskeli ya Clifford kifike kimo cha binti mfupi.