Michongoma ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Likizo, siku ya kwanza. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mke wangu anasema nitatoboa sakafu kwa kuzunguka. Tunaishi kwa mama yake, naye kaenda kumuuguza dada yake hadi Ijumaa. Kabla ya kuondoka alimsifu tena mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, kwa kumtengenezea mlango wa jikoni. Yeye seremala. Mimi karani, na karani hasifiwi na mtu. Ndipo dirishani nikaiona michongoma ya uani, imetimka kama nywele za aliyeamka sasa hivi. Mpango umeiva.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima mashine ya umeme ya kupunguzia ua kwa mtunza bustani wa shule. Kanipa mashine pamoja na hotuba. Miwani, glavu, viatu vizito. Shika kwa mikono miwili. Waya upite begani, ukae mgongoni. Mashine isipande juu ya mabega. Funga kamba ya kunyoosha mstari kwanza, ndipo uifuate. Chini paachwe pana, juu pembamba, ili mwanga ufike chini. Nikaitikia kila neno, miguu ikiniwasha kuondoka. Msomi hafundishwi kunyoa majani.

Jumatano, 6 Machi
Viatu vizito sikuviona, nikavaa ndala. Miwani, ile ya kusomea. Saa tatu kamili nikaanza. Saa tatu na dakika nne nikakata waya. Waya wangu mwenyewe. Cheche, mlio, umeme ukazimika nyumba nzima. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi kuuliza kama niko salama. Nikasema ni hitilafu ndogo. Akaziangalia ndala, akarudi ndani kumpigia simu fundi umeme. Hilo lilinitisha kuliko cheche. Fundi umeme kanibadilishia waya, akaniuliza mara mbili kama nina watoto.

Alhamisi, 7 Machi
Upande wa kulia tayari. Safi! Ila wa kushoto ukawa juu kidogo. Nikaupunguza. Wa kulia sasa ukawa juu. Kamba ni ya wasio na jicho. Kufikia mchana ua ulikuwa kifuani. Alasiri, magotini. Katikati niliacha kichaka kimoja, nikachonga tausi. Jirani kapita, kasema birika limetoka vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe karudi. Alilipita geti, akarudi nyuma, akasoma namba. Hakugomba. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ua wa mume wangu uko wapi?"

Kumbe marehemu ndiye aliyeupanda, mche mmoja mmoja, mwaka waliohamia. Mke wangu anasema alinisimulia mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa natoka. Nikaanza kueleza habari za mitindo ya kisasa. Mama mkwe akaokota kitawi kimoja, akaingia nacho chumbani.

Jumamosi, 9 Machi
Mwanyumba kaja na vigingi viwili na kamba. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Kasawazisha kwa mkasi wa mkono, kisha kamwita mama mkwe, kamwonyesha machipukizi mashinani. Mizizi mizima, kasema, mvua mbili tatu na ua utasimama tena. Mama mkwe akayagusa kwa kidole, akatabasamu. Tausi kaondolewa, na aliyesikitika ni mimi peke yangu. Nikapewa ufagio. Nimefagia vizuri mno, hakuna aliyeona.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe katamka mezani: ua huo nisiuguse tena maishani. Nikakubali kwa moyo mweupe, nikatoka kupunga upepo. Ua ukiwa chini hivi, ule mti mkubwa wa nyuma unaonekana wote. Umeinamia chumba cha mama mkwe. Kidogo tu, lakini mwenye jicho anaona. Tawi moja likitoka, mwanyumba atasahaulika. Mwenye msumeno wa mashine yuko mtaa wa pili, nimeshatoka kwake. Kasema kabla hajaniazima ana maelekezo kadhaa. Nimemwomba ayafupishe.