Buri wa Himi, Bila Kuagiza

Jumanne, 15 Januari 2019

Tokyo, mtaa wa Akabane. Mwaka wa arobaini na nane tangu niondoke Himi, mji wetu wa wavuvi. Theluji hakuna. Hapa Januari ni baridi kavu tu, baridi isiyo na kazi.

Nimekula Tomoe, kijimkahawa cha sushi nyuma ya stesheni. Kaunta moja, viti vinane, bei ambayo mstaafu anaimudu bila kuuza saa yake. Hakuna kuagiza. Unaketi, unamwachia fundi, naye anakuwekea tonge mojamoja la wali na samaki kama aonavyo yeye. Leo kaweka ngisi, kibua, yai. Buri, samaki wetu mnono wa majira ya baridi, hakuna! Januari! Mwezi ambao radi hupiga juu ya ghuba yetu, na hata mtoto anyonyaye wa Himi anajua kuwa ndiyo radi inayomsukuma buri nyavuni!

Nilisema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba mimi ni mwana wa Himi, na buri wa kwetu nitamjua hata nikifungwa macho. Mwalimu Sonobe, mwanamke mstaafu kama mimi, aliyejimilikisha kiti kinachomkabili fundi, akajibu: "Basi leo umeokoka, Mzee wa Himi. Hakuna mtihani." Watu wakacheka. Fundi Iwakura hakucheka. Alikuwa anafuta kisu.

Kumwomba fundi samaki fulani ni aibu. Ni kumwambia humwamini. Lakini nimeapa: buri wa Himi atawekwa mbele yangu kabla msimu haujaisha, Mwalimu Sonobe akiona, na neno la kuomba halitanitoka.

Alhamisi, 17 Januari

Mbinu ya kwanza: kumwonyesha fundi kwamba mimi si mlaji wa kuokota njiani. Nimesoma vitabu kuhusu ufundi huu. Najua mafundi wana maneno yao. Chai wanaiita *agari*, sosi ya soya wanaiita *murasaki*. Nikayatumia yote mawili kabla ya tonge la pili.

Bi Kinue, mke wa fundi, aliuliza kwa adabu kama niliwahi kufanya kazi jikoni. Nikasema hapana, ni mtu wa kusoma tu. Akanimiminia chai.

Mwalimu Sonobe hakuweza kujizuia, hawezi kamwe. Akasema maneno yale ni ya walio upande wa ndani wa kaunta. "Mlaji akiyasema, Mzee wangu, ni kama abiria kupiga honi."

Abiria! Mimi!

Nilipewa pweza. Mgumu.

Jumamosi, 19 Januari

Mbinu ya pili, na hii haina tundu. Zawadi. Katika nchi hii anayepokea hana budi kurudisha. Na fundi wa sushi atarudisha nini kama si samaki?

Nilimpigia simu dada yangu Tazuko juzi, akanitumia dagaa wakavu wa Himi waliotungwa kwenye vijiti. Nikawafunga kwa kitambaa cha marehemu mke wangu, nikampa fundi kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili. Akainama, nikainama. Mambo yalikwenda kama maji.

Sijamaliza chai, Bi Kinue akaja na mfuko wa machungwa. Eti shukrani ndogo. Deni limefungwa hapohapo! Machungwa! Tena siruhusiwi kuyakataa, na sasa yawezekana mimi ndiye nadaiwa.

Jumanne, 22 Januari

Nimepeleka tambi za Himi, boksi zima. Nimerudishiwa taulo lenye jina la duka.

Mwalimu Sonobe akauliza kama nimeamua kufungua genge. Yeye halipi hata kwa tabasamu, na leo fundi kamwongezea tonge la kaa bila sababu. Bila sababu yoyote! Nilipomtazama fundi kwa macho ya kuuliza, akaniwekea tango.

Tazuko kapiga simu. Anataka kujua zawadi zote hizi ni za nani, nimepata mchumba? Nikamweleza mpango. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, ukitaka buri panda treni. Chumba cha juu kiko wazi, godoro lako la futoni nimelianika. Asubuhi unaondoka, mchana unakula." Nikamwambia nina shughuli hapa. Akauliza ni shughuli gani, ya kumhonga muuza samaki?

Dada zetu hawaelewi. Mtu harudi kwao kwa ajili ya kula. Anarudi akiwa na la kusema. Mimi nilikuwa karani wa maktaba, nikastaafu. La kusema ni lipi? Nilichobaki nacho cha Himi ni ulimi wangu. Huo haujanidanganya hata siku moja.

Ijumaa, 25 Januari

Siku ya ghadhabu. Naandika ili nisisahau.

Viti vyote vimejaa. Baada ya ngisi, fundi akaniwekea tonge mimi kwanza, kabla hata ya Mwalimu Sonobe. Nyama ya waridi, mishipa ya mafuta kama theluji. Hakusema ni nini. Alisimama tu, mikono juu ya ubao. Watu wakaacha kutafuna.

Nikaelewa. Mtihani! Nikafumba macho, nikala.

Laini. Mafuta yaliyeyuka kabla sijauma. Buri wa Himi ninayemjua ana misuli, anakufanya umfanyie kazi, na mwishoni ana uchungu kidogo, kama chuma. Nikafumbua macho, nikatangaza: huyu ni samaki wa kufugwa, katoka kusini, kalishwa unga kwenye vizimba. Mwana wa Himi hadanganyiki!

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinama. "Samahani, Mzee," akasema, akaendelea na kazi. Mwalimu Sonobe alikula tonge lake, akaweka vijiti chini, akamwambia fundi taratibu kwamba asante sana. Mimi hakuniambia kitu. Mwanamke yule! Hakuna hata kejeli moja!

Bi Kinue alinisindikiza nje, kama wanavyomsindikiza kila mteja, akanipa kifurushi. Akasema samaki amefika asubuhi kutoka mnada wa Himi, sanduku lina mhuri. Mumewe aliona taulo haliwezi kulipa wema wangu. Hajawahi kununua samaki wa namna hiyo kwa duka la bei yetu. "Hicho ni kichwa, Mzee, chemsha na figili. Alitaka ukipate wewe." Kisha akainama mpaka nilipokata kona. Niligeuka mara mbili. Bado alikuwa ameinama.

Jumapili, 27 Januari

Nimetafakari kwa utulivu. Mhuri hauna ulimi. Mimi ninao. Kama yule ni buri wa Himi, basi Himi imeharibika: bahari imepata joto, au wavuvi wamekuwa wavivu. Nikampigia Tazuko kumjulisha.

Akanijibu: "Kaka, sisi tulikuwa tunakula mkia. Tumbo na mgongo Baba aliuza. Hukuwahi kuonja tumbo la buri maishani mwako." Akasema mkia ndio mgumu, mkia ndio wenye ule uchungu wa chuma, na Mama alikuwa akituambia ndiyo sehemu ya wafalme ili tusilie.

Upuuzi. Tazuko alikuwa mdogo, atakumbuka nini?

Kichwa nimekichemsha na figili. Nimekula mabakuli matatu, kwa uchunguzi tu. Tomoe siwezi kukanyaga tena, bila shaka wanaona haya. Lakini kule Kanamachi kumefunguliwa kaunta ya viti sita, bei nafuu, hawanijui. Huko nitaanza na zawadi ya machungwa, kwa maana kosa langu lilikuwa dagaa. Na siku ya kwanza kabisa nitawaambia natoka wapi.

Kabla hajakata simu, Tazuko aliuliza tena kama nitakuja kabla ya msimu kwisha, futoni bado iko juani. Nikamjibu waziwazi, ili asiendelee kuianika.

Himi sitarudi.