Ofisi Yetu Sasa Iko Hewani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye yuko njiani. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi. Mawakala wa forodha. Madereva mliopanga malori kutoka Vwawa hadi huku Tunduma. Na ninyi watumishi wangu wa Idara ya Vibali vya Mizigo, kila mmoja ajihesabu ametajwa kwa cheo chake. (Makofi.)

Miezi minane iliyopita, mimi Yesaya, Mratibu Mkuu wa Kazi za Mbali, niliwatangazia humuhumu ukumbini kwamba wote mkafanyie kazi nyumbani, na leo, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifia, natamka kuwa transfomesheni hii ya kimkakati, jumuishi na ya kidijitali imefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti nyuma: "Hiyo nne imetoka wapi?") Imetoka kwenye tathmini, mzee wangu. Msongamano ofisini umekwisha, maana ofisini hakuna mtu. (Dereva: "Ndiyo maana tunalala mpakani wiki tatu!") Na sera iko wazi: mtumishi ajisajili kwenye mfumo saa moja na nusu asubuhi, avae tai hata akiwa jikoni, na kuku wasisikike wakati wa kikao.

Naona mkono. Dada Tukuswiga, karani wetu wa zamani, sema kwa kifupi.

("Mkuu, mimi nyumbani ni Ileje. Mtandao unashika mlimani tu. Kila asubuhi nimepanda, mvua au jua, nakupigia simu wewe, unaniambia subiri mfumo. Juzi nimeletewa barua ya kuachishwa kazi, eti sikuonekana kwenye mfumo siku mia na sitini. Miaka kumi na tisa sijachelewa hata siku moja! Naomba nionyeshwe huo mfumo ulivyoniandika.")



Swali zuri, tena la kiufundi. Mfumo, dada yangu, ni kitu cha hewani. Hauonyeshwi kama gunia la kahawa. Ni kweli wenzako nao hawakuonekana, hata mimi dashibodi haijaniona, lakini wao hawakupiga simu kila siku kuulizia. Wewe umepiga mara mia na sitini. Tufanyeje, tukuache uendelee kuvuruga morali? (Minong'ono. Karani Gwantwa: "Kumbe kosa ni kuuliza!") Utulivu, tafadhali, muda wa maswali umekwisha.

Nikisema "Kazi popote!" mjibu "Ufanisi kokote!" Kazi popote! (Kimya.) Kazi popote! (Mtu mmoja anakohoa.) Nimesikia, asanteni.

Nihitimishe kwa shukrani za pekee kwa mtaalamu atakayetutengenezea mfumo, ambaye nafasi yake tutaitangaza mwakani, kibali cha kuitangaza kikipatikana. Na kwa kompyuta zenu, ambazo ziko kwenye hatua ya kufikiriwa. Barua ya Dada Tukuswiga ibaki kama ilivyo, ili mfumo ukija ukute tayari umeanza kufanya kazi.

(Tukuswiga anaweka barua juu ya meza kuu, anageuka, anatoka. Gwantwa anasimama na kumfuata. Kisha safu ya mbele, kisha ukumbi mzima.)

Nimeguswa sana. Katika utumishi wangu wote sijawahi kupigiwa saluti ya kusimama na watu wengi kiasi hiki. Asanteni, sasa mnaweza kuketi. Ketini, ndugu zangu. Jamani, ketini!