Seva Iliyojaribiwa kwa Waraka

Ijulikane kwa wote, wenye masikio na wenye vyeo, kwamba ofisi yetu ndiyo ya kwanza duniani kuijaribu kompyuta kwa waraka. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo haya si ya kuambiwa. Anayesema nazua akaiulize feni ya mashine hiyo.

Mheshimiwa Mkurugenzi aliamua tuwe na seva ya saraka. Hiyo, kwa msiojua, ni kompyuta inayojua nani ni nani, nani yuko chini ya nani, barua ya nani ipite kwa nani, na mlango upi umfungukie nani. Akaamua pia isimikwe juu ya Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, iliyotengenezwa na shemeji yake. Hakuna aliyewahi kuitumia, jambo ambalo Mheshimiwa aliliita usalama: mwizi ataibaje asichokijua?

Fundi wetu, dada mmoja mwembamba mwenye mkataba wa muda, akaiweka programu ya saraka. Ikagoma. Kwenye skrini ikaandika: "Mfumo huu haujajaribiwa. Siendelei."

"Nani kaiambia?" akauliza Mheshimiwa.

"Hakuna, mzee. Imejionea yenyewe."

"Sikiliza, binti. Uzinduzi ni Ijumaa, wakubwa wanakuja. Mashine isipowaka, kazi huna. Shemeji yangu atakaa kiti chako."

Shemeji, aliyekuwa pembeni, akakitazama kiti kile kama mtu apimaye suruali.

Kamati ikaketi. Baada ya mjadala mzito na chai nyepesi, tulibaini kwamba tatizo si mfumo, bali neno "haujajaribiwa", ambalo linakatisha tamaa. Mheshimiwa akatia saini waraka: kuanzia leo mfumo umejaribiwa. Tukaubandika kwenye mashine, upande wa feni, ili iusome kwa nafasi. Ikawasha taa nyekundu. Nikaandika kwamba mashine imeupokea.

Fundi hakubishana. Alichokonoa faili za shemeji akagundua kuwa Linux ile ilikuwa ya watu, ya kawaida kabisa. Shemeji alikuwa ameibadilisha jina tu na kuipaka kijani. Fundi akairudishia jina lake la kuzaliwa, ambalo programu ilikuwa ikilijua. Programu ikatulia kama maji ya mtungini, nasi tukaupongeza waraka.

Kikabaki kuingiza majina.

"Kila jina sharti likae chini ya jingine," fundi akaeleza. "Mheshimiwa, nikuweke chini ya Wizara?"

"Chini? Mimi? Humu ndani siko chini ya kitu chochote!"

"Basi mashine haitakupokea, mzee."

"Iniache! Mimi najulikana mpaka na nzi wa chooni."

Nikaiandika kauli hiyo kama azimio.

Ijumaa wageni, ambao fundi alishawaandikisha chini ya Wizara, waliandika majina yao kwenye kidude cha mlangoni. Mlango ukawafungukia, wakaingia kunywa juisi. Mheshimiwa, kama ilivyo ada ya wakubwa, alifika wa mwisho. Akaandika jina. Mlango kimya. Akaandika tena, safari hii na vyeo vyote. Kimya.

"Jina halimo, mzee wangu," akasema askari.

"Mimi ndiye niliyetoa waraka!"

"Waraka upo. Wewe ndio hupo. Hebu sogea kidogo, shemeji yako apite."

Shemeji akapita.

Fundi akachungulia dirishani. "Mheshimiwa, naweza kukuingiza sasa hivi. Chini ya nani?"

Ndani, wageni walishaanza kutazama saa zao.

"Popote, binti! Popote!"

"Popote ni suala la kamati," nikamkumbusha, maana utaratibu ni utaratibu. "Kwa dharura, anayeingizwa hukaa chini ya anayemwandikisha."

Mheshimiwa akammeza fundi kwa macho, kisha akameza mate. "Haya. Niandike."

Akaingia, akakata utepe, akahutubia kwa kirefu kuhusu uthubutu. Wageni walipoondoka, kabla jasho la aibu halijamkauka, akakaa kwenye kompyuta akaandika barua ya kumfukuza fundi kazi.

Seva ilifanya kazi bila dosari yoyote. Barua ilipanda ngazi moja, ikaenda kwa msimamizi wa aliyeiandika kusubiri idhini.

Fundi akaisoma hadi mwisho, akamsahihishia maneno mawili, kisha akamjibu kwamba ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa kwa wakati mwafaka.